Siku Moja Kilimanjaro na Watoto

Kilele cha Kilimanjaro kiko mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, na mtoto wako wa miaka minane hakimhusu hata kidogo. Kinachomhusu ni kilomita nane za mwanzo, kutoka lango la Marangu hadi vibanda vya Mandara, ambako njia inapita ndani ya msitu wa mvua, inavuka vijito, na mbega wanarukaruka juu ya vichwa vya watu. Huo ni mlima tosha kwa umri wake. Mzazi anayekwenda na wazo hilo atarudi na mtoto anayeuliza watakwenda tena lini. Anayekwenda na kilele kichwani atashinda kutwa nzima akimkokota mtoto anayelia.

Haya ninayoeleza ni ya safari ya siku moja, kwenda na kurudi, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro kwa njia ya Marangu. Njia hii nimeichagua kwa sababu ni pana, inatunzwa vizuri, ina mahali pa kupumzika katikati, na mnaweza kugeuka wakati wowote mkarudi mlikotoka. Machame na Umbwe nazo huanzia msituni, ila Machame ina matope mengi na Umbwe ina mwinuko mkali unaowatoa jasho hata watu wazima. Wapo pia wanaoshauri familia zipande kwa gari upande wa magharibi, kupitia Londorossi hadi uwanda wa Shira, eti watoto wasichoke. Mimi sikubaliani nao. Gari litamfikisha mtoto zaidi ya mita 3,400 kwa saa chache, mwili wake ukiwa haujapata nafasi ya kuzoea hewa hafifu, na badala ya kufurahia mandhari ataumwa kichwa.

Nani aende, na afike wapi

Mtoto wa miaka mitano au sita aliyezoea kutembea anaweza kufika Kisambioni, katikati ya njia, penye meza za kulia chakula. Nasema aliyezoea kwa sababu mtoto anayepelekwa shule kwa gari na kurudishwa kwa gari anahitaji matayarisho: Jumamosi tatu au nne za kutembea saa mbili mfululizo, akiwa amevaa viatu vilevile atakavyovaa mlimani na kubeba maji yake mwenyewe. Wa miaka minane na kuendelea anafika Mandara, mita 2,720, mradi asiharakishwe. Mtu mzima hupanda kwa saa tatu hadi nne. Ukiwa na mtoto, hesabu nne na nusu.

Mtoto wa mbeleko ni suala jingine. Mama au baba anayepanda anatoa jasho na kuhisi joto, kumbe aliye mgongoni hasogei, na baridi inamwingia polepole bila yeye kuweza kusema. Ukimbeba, mvalishe nguo nyingi kuliko zako, mshike vidole vya miguu kila baada ya nusu saa, na usipite Kisambioni. Mimi ningemwacha kwa bibi yake.

Mtoto mwenye selimundu asipandishwe kabla daktari wake hajaridhia. Baridi, upungufu wa maji mwilini na hewa yenye oksijeni kidogo ni mambo yanayoweza kumwanzishia maumivu makali, na hospitali iko mbali. Mwenye pumu aende na dawa yake ya kuvuta, na ikae mfukoni mwako, maana begi linaweza kubaki nyuma na mpagazi.

Saa ya kugeuka

Kama kuna jambo moja tu utakalolichukua hapa, lichukue hili. Kabla hamjatoka nyumbani, kubalianeni saa ya kugeuka, na watoto waijue. Napendekeza saa saba na nusu mchana. Ikifika saa hiyo, popote mlipo, mnageuza, hata kama vibanda vya Mandara vinaonekana kwa mbele na hata kama kaka mtu analalamika kwamba zimebaki dakika kumi tu.

Hesabu yake ni rahisi. Mkianza kutembea saa mbili na nusu asubuhi, watoto wenu watakuwa Kisambioni kati ya saa nne na nusu na saa tano. Mkipumzika, Mandara mtafika saa saba hivi. Kushuka huchukua saa mbili na nusu hadi tatu na watoto, kwa hiyo mtakuwa langoni kwenye saa kumi au kumi na nusu, na mwanga bado upo. Ila huu ni msitu. Giza huingia chini ya miti mapema kuliko barabarani, na njia ikilowa, mizizi inateleza. Ajali nyingi ndogo za watoto mlimani, kama kuteguka kifundo cha mguu au kupasua goti, hutokea wakati wa kushuka, miguu ikiwa imechoka na akili imeshafika nyumbani.

Ndiyo maana ukifika Kisambioni ukaona mdogo wenu amenyamaza, anaburuta miguu na hataki hata biskuti, msingoje saa saba na nusu. Kuleni hapo, chezeni, mshuke. Kama mko wazazi wawili na waongozaji wawili, mkubwa aendelee na mmoja, mdogo arudi na mwingine. Hili lipangwe tangu kwenye malipo, kwa kuwa familia yenye mwongozaji mmoja haiwezi kugawanyika njiani.

Kreta ya Maundi iko mwendo wa robo saa hivi kutoka Mandara. Ukingoni mwake msitu umeachia, na siku isiyo na mawingu unaona vilele vya Kibo na Mawenzi kwa pamoja, nchi ya Kenya, na Ziwa Jipe chini kabisa. Nendeni huko iwapo tu mmefika Mandara kabla ya saa sita na nusu.

Nguo, viatu na chakula

Watoto wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa hawaijui baridi hii. Kwa kila mita 1,000 unazopanda hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6 hivi, kwa hiyo Mandara huwa na baridi ya nyuzi kama 11 zaidi ya Moshi mjini, na mawingu yakishuka huongeza unyevu juu ya hiyo baridi. Mteremko wa kusini ndio unaopata mvua nyingi, hata katika miezi inayoitwa ya kiangazi. Basi koti la mvua ni la lazima kwa kila mtoto, jua liwe linawaka au la.

Acha jinzi nyumbani. Jinzi na fulana za pamba zikilowa hazikauki, zinamgandia mtoto na kumnyonya joto. Mvalishe suruali nyepesi ya michezo, fulana isiyo ya pamba, sweta la sufu au lile jepesi la manyoya, na juu yake koti. Huna haja ya kununua vipya: soko la mitumba la Memorial pale Moshi lina makoti, soksi nzito na viatu vya kupandia vya kila saizi, na mtoto anayekua hana sababu ya kuvaa buti la bei ya dukani litakalombana mwakani. Raba zenye meno mazuri chini zinatosha kwa safari hii. Kandambili na viatu vya shule hapana. Suruali ziingizwe ndani ya soksi, kwani siafu wapo, na mtoto aliyeingiliwa na siafu mara moja hatasahau. Weka begini jozi ya soksi kavu kwa kila mmoja, na nguo kamili za kubadilisha ziachwe kwenye gari.

Chakula kiwe kile watoto wanachokipenda tayari. Mlimani si mahali pa kumjaribishia mtoto vitu vipya. Mayai ya kuchemsha, chapati, viazi vitamu, ndizi mbivu, karanga na kashata vinabebeka na vinatia nguvu. Chupa ya chai yenye uji wa moto au chai ya tangawizi itawafaa Mandara kuliko soda kumi. Wapeni kidogo kidogo kila saa badala ya kungoja mlo mmoja mkubwa, na maji vivyo hivyo, hata asiposikia kiu. Maji yabebwe kwenye chupa za kutumia tena, kwa kuwa chupa za plastiki za kutupa haziruhusiwi mlimani, na mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019. Maganda ya mayai na ya ndizi nayo yanarudi begini.

Haja ndogo na kubwa zimalizwe langoni kabla ya kuanza, kwa amri. Mtoto atasema hana haja. Aende hivyo hivyo.

Mnachokwenda kukiona

Langoni kwenyewe, takriban mita 1,870, pana mambo ya kumwonyesha mtoto wakati mnasubiri usajili. Pana kumbukumbu ya Hans Meyer, Mjerumani aliyefika kileleni mwaka 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller, na ya Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, anayetajwa kuwa ndiye aliyewaongoza. Msimulie pia habari ya Alexander Nyirenda, ofisa wa jeshi aliyesimamisha mwenge na bendera kileleni usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Tanganyika ilipopata uhuru. Hadithi hizi zinaingia vizuri mtoto akiwa amesimama pale pale zilipoanzia.

Kisha msitu. Hapa mpunguze mwendo kuliko mlivyokusudia. Wale mbega weusi wenye shuka refu jeupe mgongoni na mkia mweupe wa kichaka huanza kuonekana mapema, hasa asubuhi. Mwambie mtoto atazame mikono yao: hawana kidole gumba, kimebaki kinundu tu, na bado wanashika matawi bila kuanguka. Mkibahatika kumwona mama mwenye kitoto, kitoto huzaliwa cheupe chote na kupata rangi ya wakubwa baadaye. Kima nao wapo, wengi na wakaidi, hasa penye vyakula. Usimruhusu mtoto kuwarushia hata punje ya karanga. Kima aliyezoea kulishwa huishia kupora, na anayeng'atwa kwa kawaida ni mtoto.

Pembeni mwa njia, penye unyevu na kivuli, tafuteni ua dogo jekundu lenye manjano, lenye kipembe kilichojikunja nyuma kama mkonga wa tembo. Wanasayansi wameliita kwa jina la mlima huu, Impatiens kilimanjari, kwa kuwa ni la Kilimanjaro tu; duniani kote halioti porini mahali pengine. Mpe mtoto kazi ya kuwa wa kwanza kuliona na kuwaonyesha wenzake bila kulichuma. Watoto wenye kazi ya kufanya hawaulizi kila dakika mmebakiza umbali gani. Mmoja awe wa mbega, mwingine wa maua, wa tatu wa kuhesabu vijito.

Vijito hivyo vina habari yake. Maji ya upande huu huteremka hadi bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka humo Mto Pangani huyapeleka Bahari ya Hindi. Kabla ya hapo, Wachagga wameyavuta kwa karne nyingi katika mifongo, mifereji yao ya kumwagilia migomba na kahawa vihambani. Watu wengi hudhani maji yote haya ni barafu iliyoyeyuka. Sehemu kubwa ni mvua na ukungu ambavyo msitu huvinasa na kuviachia taratibu. Mwambie mtoto aguse ule uoto wa kijani unaofunika magogo: ukiuminya, maji yanatoka. Hapo atakuwa ameelewa kazi ya msitu kuliko kwa kurasa kumi za kitabu.

Barafu nayo mzungumzie, Maundi ikiwaruhusu kuiona Kibo. Kati ya mwaka 1912 na 2007 sehemu yake kubwa, takriban asilimia 85 ya eneo lake, ilitoweka. Usimtishe, na usimfiche. Na mkiwa mnakula, mweleze kwa nini hakuna kuwasha moto popote: Oktoba 2020 moto uliozuka eneo la Whona, kati ya Mandara na vibanda vinavyofuata vya Horombo, uliteketeza sehemu kubwa ya vichaka vya juu ya msitu, na watu walipambana nao kwa siku nyingi.

Njiani mtakutana na wapagazi. Sheria ya hifadhi inamruhusu mpagazi kubeba hadi kilo 20 za mizigo ya wageni, na yeye anapanda nayo akiwapita ninyi. Mfundisheni mtoto kusogea upande mmoja, kutoa shikamoo, na kusubiri mtu apite. Mwongozaji wenu naye apewe heshima ile ile. Akisema tugeuke, hakuna mjadala, wala baba mtu asibishane naye mbele ya watoto.

Malipo, usafiri na msimu

Marangu iko kilomita 40 hivi kutoka Moshi, kupitia Himo. Daladala hufika Marangu Mtoni, na kutoka hapo hadi langoni mtapata gari dogo. Kwa watoto, mkilala Marangu usiku wa kuamkia safari mtajiokoa na kuamka saa kumi alfajiri.

Kupanda bila mwongozaji aliyesajiliwa hakuruhusiwi, hata kwa siku moja. Malipo ya hifadhi hayapokelewi kwa noti: ni kwa kadi au kwa kontroli namba, kwa hiyo yamalizeni mapema kupitia wakala wenu. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi na kwa kiwango cha chini sana kuliko wageni. Watoto walio chini ya miaka 5 hawalipi, na wa miaka 5 hadi 15 wana kiingilio chao. Beba kitambulisho cha taifa na nakala za vyeti vya kuzaliwa. Ndugu wanaokuja likizo kutoka Uingereza au Marekani na watoto wenye pasipoti za huko wajue mapema kwamba kiingilio hufuata uraia, wasije wakashtukia langoni.

Epuka masika, Machi hadi Mei. Likizo ya Juni na Julai ina anga nzuri na baridi kali. Januari na Februari ni nzuri kuliko zote, ila shule zimefungua. Inabaki Desemba, mwezi ambao nusu ya Wachagga wa Dar es Salaam wanarudi kwao. Maelfu ya watoto hukaa wiki mbili migombani kwa babu na bibi, lango la hifadhi likiwa juu yao tu, na hurudi mjini wakiwa wameuona mlima kwa mbali kama walivyouona kwenye noti. Linaniuma hilo. Siku moja inaweza kupatikana kati ya ubatizo na harusi. Iwekeni kabla ya tarehe 22, kwa sababu baada ya hapo waongozaji nao wako kwa wazazi wao.

Dalili za kutodharau

Ugonjwa wa mwinuko kwa kawaida huanzia juu ya mita 2,500, kwa hiyo watu wengi Mandara hawapati kitu, ila wachache hupata. Mtoto mkubwa atakuambia kichwa kinamuuma au anataka kutapika. Mdogo hawezi kueleza: ataanza tu kununa, atakataa kula, atataka kulala saa sita mchana. Ukiona hivyo juu ya Kisambioni, chukulia kuwa ni mwinuko mpaka ithibitike vinginevyo, na mshuke. Dawa ya maumivu isitumiwe kama kibali cha kuendelea kupanda. Kushuka mita 300 hadi 500 kwa kawaida hubadilisha hali, na hakuna tiba iliyo bora kuliko hiyo.

Baridi ya hatari ina ishara zake pia. Mtoto anayetetemeka bado mwili wake unapigana, mpe nguo kavu na uji wa moto. Aliyeacha kutetemeka huku amelowa, anajikwaa na kuongea ovyo, yuko hatarini: avuliwe vilivyolowa, afungwe ndani ya koti la mtu mzima kifua kwa kifua, na mwongozaji aite msaada mara moja.

Mkishuka salama, mkabadili nguo, watafutieni mtori wa moto pale Marangu. Kesho yake msiwapakie kwenye basi la mbali, miguu itawauma. Maporomoko ya Kinukamori yako karibu, nje ya hifadhi, na yanafaa kwa siku ya kujinyoosha.

Na mtoto akikuuliza lini atafika kileleni, mjibu ukweli: hifadhi hairuhusu aliye chini ya miaka 10 kwenda huko. Akifika umri huo, akawa na afya njema na bado anauliza yeye mwenyewe bila kuchochewa, mlipie safari ya siku 6 badala ya 5, ile yenye siku ya ziada ya kuzoea hewa pale Horombo.